Daktari wa Bi Mahbuba

"Mwanangu hataki fizikia? Nani kakwambia? Umemzaa wewe?"

"Sikumzaa, Mahbuba, lakini nna masikio, na yamesikia."

"Basi yazibe!"

Bi Zuweina, jirani wa nyumba ya pili, yuko kizingitini na sahani ya sambusa, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Bi Mahbuba kaushika mlango utadhani anazuia mafuriko. Nyuma yake sebule imejaa pomoni. Ni Ijumaa, wanaume hawajarudi msikitini, mashangazi wametoka mjini, Ruwi na Matrah, wamekuja huku Sib kula, na hapana hata mmoja anayejisumbua kujifanya hasikii.

Khulood, huyo mtoto anayegombewa, kajibanza jikoni nyuma ya pazia, simu mkononi. Masomo ya darasa la kumi na moja yanachaguliwa kwenye simu, na leo ikifika magharibi ukurasa unafungwa. Ukichukua fizikia, kemia, biolojia na hesabu za juu, nafasi zimekwisha, huna tena pa kuweka jiografia wala uchoraji. Ukichukua jiografia na uchoraji, udaktari utausikia kwa wenzio.

Na Khulood ni daktari tangu ana miaka saba. Mtaa mzima unamwita hivyo. Shangazi Thuwaiba hajakaa vizuri keshavua soksi aangaliwe kisigino. Mashine ya kupimia presha ya bibi yake inakaa chumbani kwa Khulood, siyo kwa mgonjwa. Khulood mwenyewe raha yake ni ramani: barabara mpya ikifunguliwa, baba yake, Hamdan, akimpitisha mara moja tu, akirudi kaichora na mizunguko yake yote.

Wiki iliyopita alikuwa kwa Bi Zuweina wanakunja sambusa, akamwambia udaktari hautaki. Tena akamwomba amfikishie mama yake. Maana kwao jambo zito halipelekwi kwa mama uso kwa uso. Anatafutwa mtu mzima wa nje aende akalitue polepole, leo kidogo, kesho kidogo, mpaka mama alizoee. Bi Zuweina akaapa atamwendea Mahbuba peke yake. Lo! Jana pana harusi, na Bi Zuweina na habari mbichi mdomoni, atavumilia vipi? Akamnong'oneza mmoja tu. Halua haijafika ukumbini, bwana harusi mwenyewe anajua Khulood hataki fizikia.

"Shule wenyewe wamesema," Bi Zuweina hajakubali. "Mkutanoni nilikuwepo. Lengo la mtaala huu mpya, mtoto achague kile anachokipenda na anachokiweza."

"Huo mtaala umezaa? Umekesha na mtoto ana surua?"

Sebule ikapasuka kicheko. Shangazi Thuwaiba akafuta machozi, akaita, "Mnagombana nini na mwenyewe yupo? Daktari! Hebu njoo utukate maneno."

Pazia halikumficha tena. Khulood akatoka. Macho yote kwake, na nyuso zote zimejaa mapenzi. Hilo ndilo lililomshinda. Angekuwa na mama wa kufoka na kutisha, angejua pa kusukumia. Lakini Bi Mahbuba alikuwa anapanga upya mtandio wake uliokuwa umekaa sawasawa.

"Sema, mama," alimwambia kwa upole. "Mie sikulazimishi. Nimewahi kukulazimisha?"

"Hujawahi."

"Basi sema."

Khulood alimtazama Bi Zuweina. Bi Zuweina akamtikisia kichwa kidogo: haya, mwanangu, ndiyo nafasi hii.

"Bi Zuweina sijui kayatoa wapi," Khulood akasema. "Mie nachukua fizikia. Na biolojia, na zote."

Vigelegele! "Bonyeza tuone!" wakasema mashangazi, wakamzunguka bega kwa bega, manukato na jasho, hata pa kugeukia hapana. Akabonyeza. Simu ikamjibu kwamba masomo yake yamepokelewa, Shangazi Thuwaiba akalisoma jibu kwa sauti, mara mbili.

Bi Zuweina kafumbua mdomo. Neno moja tu lilitosha: ulinituma mwenyewe. Khulood akalingoja, na karibu aombe litoke. Mdomo ule usioweka kitu ukafumbwa.

"Basi mie ndiye mwongo," Bi Zuweina akasema. "Nisameheni. Ndio uzee huu." Akageuka aende zake.

Bi Mahbuba kashinda, na akishinda hana kinyongo. "We Zuweina, unakwenda wapi na njaa? Tangu lini tukagombana tukalala na njaa? Khulood, mshike mkono mwenzio, muingize ndani."

Khulood akaushika. Ule mkono haukumbana wala haukumkataa, ulikaa tu.

"Karibu ndani, Bi Zuweina," akasema, anaitazama sakafu. "Karibu ule. Chakula tayari."