Mwili wa Chiriku

Siku Mikunjo aliporudi kazini baada ya msiba, wenzake walimpa pole, wakamshika mikono, mmoja akamwekea chai mezani. Kisha kila mtu akarudi kwenye kiti chake, maana msimu wa baridi ulikuwa unabisha hodi na makoti yalikuwa hayajaisha. Naye akakaa, akawasha kompyuta. Programu ilipofunguka, mdogo wake alikuwa amesimama pale katikati ya skrini, mikono ameitanua kidogo, anangoja kuvalishwa.

Hakuwa anaota, wala akili haikuwa imemruka. Kiwanda alichofanyia kazi kilikuwa kimeacha zamani kushona nguo ya majaribio kwa kila mtindo. Nguo ilijaribiwa kwanza ndani ya kompyuta: vipande vilikatwa mle mle, vikashonwa mle mle, vikavalishwa mwili ambao nao ulikuwa mle mle. Kazi ya Mikunjo ilikuwa kuhakikisha kitambaa kinaanguka kama kitambaa. Hariri isisimame kama bati, jinzi isitiririke kama maji. Aliongeza uzito, akapunguza ugumu, akavuta pindo kwa kipanya, akachomeka pini zisizomchoma mtu, mpaka kila mkunjo ukatulia mahali pake. Ndipo lilipotoka jina hilo, na lilikuwa limemganda hata nyumbani.

Na mwili uliokuwa ukivalishwa ulikuwa wa Chiriku, mdogo wake wa tumbo moja.

Miaka kadhaa nyuma, kampuni ilipotafuta mwanamke mwenye vipimo vya wateja wao wengi, Mikunjo ndiye aliyesema, "Mbona mimi ninaye nyumbani." Chiriku akaja, akavishwa nguo ya kubana, akasimamishwa kwenye chumba chenye kamera kila upande, akaambiwa asitikisike wala asiseme neno. Kwa mtu aliyekuwa akipiga soga hata na pasi anapopiga nguo, kunyamaza ndiyo ilikuwa kazi. Picha zikaunganishwa, ukatoka mwili wa kijivu usio na nywele, macho yamefumba, sura imelainishwa asitambulikane na mtu. Lakini damu haipotei. Magoti yale yaliyogeukia ndani kidogo, kitumbo kile, mtu wa nyumbani angevijua gizani.

"Dada," Chiriku alisema siku hiyo huku akicheka mpaka akashika ukuta, "umepata pa kuendelea kunivalisha. Ulidhani nimekua?"

Ugonjwa wake ulikuwa wa damu. Ulimla taratibu, akaolewa akiwa nao, akahangaishwa nao, na mwishoni walipomgeuza kitandani alikuwa mwepesi kama nguo iliyokauka kambani. Hata maneno yalimwishia. Walimzika watu waliokuwa hawajasikia sauti yake kwa muda mrefu.

Mikunjo alivumilia siku chache, kisha akaenda kwa mkuu wa idara, mwanamke mwenye huruma ambaye alikuwa amekuja mazishini na kukaa hadi mwisho.

"Bosi, naomba mnibadilishie mwili."

"Najua, mdogo wangu. Nimelifikiria hilo kabla hujarudi." Bosi alifunga mlango. "Saizi zote za kiwanda hiki zimejengwa juu yake. Tukimtoa, tunaanza moja. Nipe muda nizungumze na wakubwa."

"Muda gani?"

"Nikikutajia nitakuwa nakudanganya."

Basi akaendelea. Angefanya nini? Asubuhi alimvisha Chiriku koti, mchana sketi, jioni gauni la kitambaa kilichokatwa mshazari ambacho hakikubali kutulia. Nguo ilipobana, programu ilipaka wekundu mahali palipobanwa, na Mikunjo alijikuta akisema kwa sauti ya chini, "Samahani, samahani," huku akilegeza mshono. Zamani alikuwa akimaliza kazi anauacha mwili mtupu na kuzima. Sasa hakuthubutu. Hata akiwa na haraka vipi, alimwachia japo shati.

Aliyempasulia mama yao siri alikuwa shemeji, mume wa marehemu, bila kukusudia. Yalikuwa maneno tu ya kupitisha jioni. Kesho yake mama akapiga simu.

"Ni kweli mdogo wako yuko huko kazini kwako?"

"Si yeye, mama. Ni picha tu."

"Picha ninazo. Mimi nimeambiwa huyu anageuka."

Jumamosi ofisi ilikuwa na watu wachache, mama akaja. Mikunjo alikuwa amekwisha kumvisha Chiriku gauni refu la pamba, mikono mirefu, shingo imefungwa vizuri. Mama akavua viatu mlangoni, ingawa hakuna aliyemwambia. Akasogea, akainama, pua ikakaribia kugusa kioo. Alikaa hivyo mpaka Mikunjo akaanza kuogopa.

"Yule tuliyemzika sikumjua," mama akasema hatimaye. "Ilikuwa mifupa tu wamenipa. Huyu ndiye mwanangu. Mgeuze."

Mikunjo akamgeuza.

"Anaweza kutembea?"

Akamtembeza. Lakini mwendo ule ulikuwa wa programu, wa wasichana wa maonyesho ya mavazi, mguu mmoja mbele ya mwingine na nyonga inakwenda huku na huku. Mama akakunja uso.

"Ee! Nani kamfundisha madaha haya? Chiriku alikuwa anatembea kama anayekimbilia kuwahi umbea."

Wakacheka. Walicheka wote wawili mpaka wakafuta machozi, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, na fundi wa kompyuta, mwanamume mnene mpole, akachungulia kuona kuna nini.

Tangu hapo mama hakukosa Jumamosi. Alikuja, kiti chake kikawekwa kando ya kile cha Mikunjo. Akawa na maoni. "Hiyo inambana kifuani, mlegezee." "Kijani hakimpendezi, hakikumpendeza tangu mdogo." Rangi ikamrudi usoni, akaanza kula, majirani wakamsifu binti kwa jinsi anavyomtunza mama yake. Hawakujua kwamba kilichomnenepesha mama ndicho kilichomkondesha mwana. Mikunjo alikuwa na Chiriku siku zote za kazi, na Jumamosi akawa nao wote wawili. Hakuwa na siku ya kulia. Lakini ungemwambiaje mzazi asije kumwona mwanawe?

Ndipo akatokea mnunuzi mpya. Aliyapenda magauni, ila akataka ayaone juu ya mwili mwembamba zaidi. Agizo likapita kwa bosi msaidizi, ambaye hakujua lolote, likatua mezani kwa Mikunjo: mwili upunguzwe, gauni lirekebishwe, lirudishwe mchana.

Kupunguza mwili kulikuwa jambo jepesi kuliko yote katika programu ile. Palikuwa na kitufe cha kusogeza kwenye mstari, basi. Mikunjo akakivuta kidogo. Kiuno kikaingia. Akavuta tena. Mifupa ya shingoni ikatokeza, mapaja yakaachana. Gauni la hariri, ambalo asubuhi lilikuwa limeanguka vizuri kuliko chochote alichowahi kukitengeneza, likalegea, likaning'inia kwenye nyonga kama limetundikwa msumarini. Akavuta kwa mara nyingine, na mbele yake akawa Chiriku wa hospitali, yule yule, macho yamefumba, kifua kimebonyea.

Akabonyeza kumrudisha. Kwa haraka akabonyeza sipo. Programu ikaganda. Akabonyeza kila kitu, na yule mgonjwa akabaki amesimama mbele yake, mikono ameitanua kidogo.

Alipofika kwa bosi hakupiga hodi.

"Mtoeni! Mtoeni leo. Sitaki kumwona tena, bosi, siwezi. Mfuteni kabisa!"

Bosi alimkumbatia, akamwacha alie mpaka akaishiwa, kisha akampa mapumziko ya siku chache na kumwagizia gari la kumrudisha nyumbani.

Na bosi yule alikuwa mtu wa maneno yake. Wiki ile alipanda na kushuka kwa wakubwa, akagombana, akabembeleza. Ijumaa, Mikunjo aliporudi, alimkuta anamngoja mlangoni, uso unang'aa.

"Nimepambana, lakini limekwisha. Wamenunua mwili mpya. Na yule tumemfuta kwenye kila mashine, hata kwenye nakala za akiba. Nilisimamia mwenyewe. Hutakutana naye tena popote."

"Asante, bosi," akasema Mikunjo, na kweli alihisi kifua kimefunguka.

Alikuwa amekwisha kukaa kitini alipoona kile kiti cha pili, pale kando. Kesho ilikuwa Jumamosi.

Angeweza kupiga simu. Jioni ile alishika simu, akaiweka, akaishika, akaiweka. Maneno aliyoyapanga yote yalianza na "mama" na kuishia hapo hapo.

Mama akaja na kitambaa mkononi, cha rangi ya udongo, chenye maua madogo. Alikuwa amezunguka sokoni mpaka akakipata. "Hiki leo tumjaribishie," akasema huku akikaa, "utapima mwenyewe uzito wake." Kisha akatazama skrini. "Huyu nani?"

"Ni mwili mpya, mama."

"Wa nani?"

"Si wa mtu. Wamechukua vipimo vya watu wengi wakavitafutia wastani."

"Na mwenzake kaenda wapi?"

Mikunjo akainamia kibodi. Mama akamwona fundi wa kompyuta akipita, akamwita.

"Mwanangu, vitu mkivifuta vinakwenda wapi? Hakuna kapu la taka humo ndani?"

"Lipo, mama."

"Si mlichungulie basi."

"Tulilimwaga, mama." Fundi alikuwa anatazama viatu vyake. "Tuliambiwa tusibakize kitu."

"Mliambiwa na nani?"

"Mimi ndiye niliyeomba, mama," akasema Mikunjo. "Nilichoka."

Mama hakupaza sauti. Alikikunja kile kitambaa magotini, akakikunjua, akakikunja tena. "Ungeniambia," akasema. "Ningekuja kumuaga."

Kisha akainua kichwa. "Wewe ndiye uliyekuwa ukimwogesha akiwa mtoto. Umemvalisha miaka yote hii. Huwezi kumtengeneza?"

Mikunjo alijua haiwezekani, lakini alijaribu. Akasogeza kiti. Akaanza na mwili ule usio wa mtu, akavuta huku, akasukuma kule. Shingo, mama akasema, ilikuwa ndefu zaidi. Mikunjo hakuikumbuka ndefu. Hapana, sasa imezidi. Nyonga je? Mama alikuwa anamtafuta msichana wa kabla ya ndoa. Mikunjo kila alipofumba macho aliona kitanda cha wodini, na mkono wake ukapunguza bila kutaka. "Unamkondesha," mama akasema. Akaongeza. "Huyo sasa ni shangazi yako." Hakuna aliyecheka. Jua lilihama kutoka meza moja hadi nyingine, wenzao wakaaga mmoja mmoja, na kwenye skrini walipita wanawake wengi, wengine wanafanana naye kwa mbali, hasa wakitazamwa kwa mgongo.

"Basi, mwanangu," mama akasema mwishowe. "Acha. Unamharibu hata yule aliyebaki kichwani."

Akavaa viatu vyake, akaondoka. Kitambaa alikibeba.

Hakuja tena Jumamosi, na nyumbani hawakulitaja. Mnunuzi alipokea magauni yake juu ya mwili mpya, akaagiza mengine. Wenzake wakasema kazi imekuwa nyepesi, maana mwili ule haukuwa na goti lililogeuka wala kitumbo cha kuusumbua mshono. Kitambaa chochote kiliukubali. Mikunjo alikubaliana nao. Jioni alipomaliza alizima kompyuta, akachukua mkoba wake, na mara nyingi alisimama kidogo mlangoni kama mtu aliyesahau kitu, kisha akatoka.