Bundala Yuko Kituo cha Tatu

Siku ile mjinga ni Kondo, na asitafutwe mwingine wa kusingiziwa. Yeye ndiye mtani, Mzaramo kwenye msiba wa Wasukuma, na yeye ndiye aliyevaa kapelo ya marehemu na glavu yake ya besiboli mbele ya wafiwa wote ili amwigize Bundala, fundi cherehani wa Mbagala, baba wa mabinti watatu, mtu pekee mtaani aliyeupa mgongo mpira wa miguu akaenda kupenda mchezo wa kupiga kipira kwa gongo, kisha kukimbia kupitia vituo vitatu mpaka kurudi pale ulipoanzia, panapoitwa nyumbani. Kazi ya mtani inajulikana: wafiwa wakimcheka marehemu wao, tanga limeondoka, turubai linashushwa, wasipomcheka, msiba unalala tena pale pale. Basi Kondo kashika mchi wa kutwangia kisamvu, kapiga hewa, katupa mchi, katimua mbio. Katimua kushoto. Baba mdogo, anapiga kelele Milembe, binti mkubwa, kituo cha kwanza kiko kulia! Watu wanacheka, ndiyo, ila wanamcheka yeye. Mjane, Bi Kabula, hacheki. Kula kwanza, shemeji, anasema, pumzika, halafu utarudia. Kondo amefukuzwa na mgambo, ametapeliwa na ndugu, amelala stendi na njaa yake, na kote huko hakukosa la kusema, leo anatii tu. Anajilaza mkekani nyuma ya cherehani, glavu chini ya kichwa, inanukia mafuta ya nazi ambayo Bundala aliipaka kila Ijumaa jioni. Anafumba jicho moja, halafu la pili, na mkeka unakuwa barabara.

Barabara ni nyekundu, haina mwisho, imeshonwa ukingoni kwa uzi mnene, na kila akikanyaga inajikunja kama kitambaa chini ya sindano, hata asijue kama anakwenda au anasogezwa. Mbele yake yuko mtu wa barakoa ya chuma kama ya mwamuzi wa mchezo ule, na nyuma ya vile vyuma hakuna uso, kuna sauti tu. Kuna safari, inasema sauti, huanzia nyumbani na kuishia nyumbani, na anayerudi hupokewa kwa shangwe. Ni ipi? Ya chooni, anajibu Kondo. Barakoa haicheki. Pita kulia, inasema, na safari hii ukosee tena tukuone. Anapita kulia. Mji wa kwanza ni Mbagala iliyogeuzwa kama kwenye kioo, vibao vya saluni vinasomeka kinyumenyume, na mlangoni Bundala kijana kapiga magoti, pini mdomoni, anakunja pindo la sare ya shule. Simama wima, Milembe, tutachelewa mechi. Kondo anataka kumsalimu, lakini mji unamtoka miguuni, na mji wa pili ni ule ule, mlango ukiwa palipokuwa na dirisha. Uwanja wa shule, jua kali, mabinti watatu chini ya mwavuli mmoja, Bundala anagawa chapati za Kabula, kipande kidogo ndicho chake, huku akimzomea mwamuzi kwa mdomo uliojaa. Barabara inajikunja tena, na mji wa tatu hauna nyumba hata moja. Kuna kifuko cheupe chini, alama ya kituo cha tatu, na juu yake mguu mmoja wa Bundala, futi ya kupimia shingoni, kainama kama mtu aliyesikia anaitwa.

Mzaramo, umechelewa.

Mbona umesimama hapo?

Nangoja mtu apige. Mwenzangu asipopiga, mimi sifiki nyumbani.

Tangu lini?

Tangu mlipoanza kulia.

Barakoa inamkabidhi Kondo gongo. Mara tatu, inasema. Ukikosa zote, huyu anabaki. Kondo analipokea kwa mikono miwili, yeye aliyeucheka mchezo huu tangu mabinti hawajaota meno. Kipira kinakuja, kimeshonwa kwa mkono wa Bundala mwenyewe, anakijua uzi wake. Anakosa. Kinakuja tena. Anakosa, anazunguka, anakaa chini kwa makalio. Hilo si jembe, Mzaramo, anaita Bundala, ingawa na jembe nalo hujawahi kulishika! Kondo anacheka. Anainuka huku bado anacheka, kipira kinakuja, na gongo linalia paa! Kipira kinapanda, kinapita juu ya miji yote mitatu, na kila kinapopita vibao vinageuka vikasomeka sawasawa. Bundala anachomoka, futi inapepea, tumbo linatangulia, mikono imetanuliwa kama kuku anayetua, na anapiga ukelele wake wa kila Jumamosi: Nimefikaaa!

Vigelegele. Kondo amesimama uani, mchi mkononi, tumbo kalisukuma mbele, mikono kaitanua. Milembe kajishika mbavu, machozi yanamtoka, anasema ni yeye, ni baba mtupu, hata tumbo! Bi Kabula anacheka kwa sauti kuliko wote, na vijana wameshaanza kufungua kamba za turubai. Kwani sikulala? anauliza Kondo. Ulale wapi, baba mdogo, na umepiga mara tatu mbele yetu? Anageuka. Nyuma ya cherehani mkeka upo, glavu ipo juu yake, na katikati imebonyea umbo la kichwa. Watoto wamerukia mihogoni kwa jirani kutafuta kipira. Kondo anajua uani hapakuwa na kipira. Au ndivyo anavyodhani.

Kwa kuwa hawezi kushindwa akanyamaza, anarudi kwenye ubishi wake wa miaka yote, ule ambao Bundala alikuwa akiujibu kwa kicheko tu. Sawa, shemeji, anasema, nimepiga, mmefurahi. Lakini mchezo wenyewe bado ni wa wendawazimu. Mtu anatoka mbio, anazunguka, anarudi pale pale alipoanzia. Sasa hapo kapata nini?

Bi Kabula anamvua ile kapelo, anaipangusa vumbi jekundu, anaivaa mwenyewe.

Waulize waliokuwa wanamngoja.