Utetezi wa Konokono wa Kushoto

Jana usiku niliota nimeitwa barazani na konokono wa msituni.

Mimi ni Zaliwa Shemhilu. Kwa miaka kumi na tisa nimepanga magamba ya konokono kwenye droo za makumbusho. Ijumaa nilimtenga mmoja, mdogo kama punje ya mahindi, mwili wake ungali ndani, gamba lake limezungukia kushoto. Mkuu wangu, Daktari Mbelwa, akasema huyo ni kilema tu, nimrudishe kwa wenzake wa kulia.

Baraza lilikuwa ndani ya droo. Droo ilikuwa na miti, ukungu na benchi. Daktari Mbelwa alikuwa mlangoni, shati limepandishwa, maana hapaingii asiyeonyesha kitovu. Konokono huainishwa hivyo: kitovu cha gamba kikiwa kipana, aina hii, kikiwa chembamba, aina ile. Cha Daktari kilizibwa na tumbo. Wakamweka pamoja na maboga.

"Lakini nina shahada," alisema.

"Inazungukia upande gani?" aliuliza karani, konokono mnene mwenye macho kwenye ncha za pembe.

Daktari hakujua.

Zamu yangu. "Shikamoo," namwamkia karani.

"Marahaba. Toa ulimi."

Natoa. Anauchungulia kwa jicho moja, kisha kwa la pili. "Sisi meno yetu yako ulimini. Wewe huna hata moja. Unakulaje?"

"Nina ya pembeni."

Anaandika: *Ya pembeni.*

Kisha analetwa yule mdogo wa kushoto. Pembe zake zimeingia ndani kwa aibu.

"Nani anamsemea?" anauliza karani. "Asiposemewa, huyu hakuwahi kuwepo."

Nasimama. Benchi linageuka meza yangu ya kazini, na taa yake inawaka.

"Kuzungukia kushoto peke yake si hoja," nasema. "Lakini nimempasua."

"Kweli," anasema mdogo. "Aliniomba radhi kwanza."

"Viungo vyake vya uzazi si vya wale wa kulia. Mdomo wa gamba lake una jino ambalo wao hawana. Nimepekua droo zote, nimepata wenzake kumi na mmoja, wote wa kushoto, wote wa kilima kimoja. Jamani, kilema gani hiki cha ukoo mzima?"

Boga moja likakohoa.

"Mimi sikumpasua," alisema Daktari Mbelwa kutoka kule kwenye maboga. "Nilimtazama gamba tu. Dada Zaliwa ndiye anayejua."

"Aandikwe peke yake, aina yake mwenyewe," akaamua karani.

Yule mdogo akatoa pembe zote nne, akazinyoosha kama bibi harusi anayetolewa nje. Konokono wote wakanipigia makofi. Kila mmoja ana mguu mmoja tu, kwa hiyo yalichukua muda. Nilisimama wima mpaka makofi ya mwisho, kifua kimenijaa.

Nikaamka, jua limeshatoka. Utepe mwembamba wa ute mkavu ulianzia chini ya mlango, ukapanda mguu wa kitanda, ukapita kwenye mto na kuishia sikioni mwangu.

Sikuufuta. Nilifunga kilemba juu kabisa, masikio yakabaki wazi ute uonekane, nikaenda kuonana na Daktari.