Rekoda ya Kicheko cha Mama

Midundo aliingia dukani amekumbatia kitu kilichoviringishwa kwenye taulo la kuogea, mkewe nyuma yake akiomba radhi kwa macho. Muuzaji alidhani wameleta mtoto. Taulo lilipofunuliwa, kumbe ni sampla: kisanduku cha kijivu chenye vitufe kumi na sita vya mpira, vingine vimesagika kwa kubonyezwa. Ukikilisha mlio wowote ule, wa mlango, wa kijiko, hata wa kikohozi, kinaukatakata, kila kipande kinakaa kwenye kitufe chake, nawe unavipiga kama ngoma. Kazi hiyo ndiyo iliyompa bwana huyu jina na riziki. Midundo yake ilikuwa inalia kwenye matangazo ya sabuni na kwenye harusi za watu asiowajua.

"Nataka rekoda ya mkononi," akasema. "Lakini lazima ielewane na huyu mzee hapa. Hasomi kadi wala hajui mambo ya kompyuta. Yeye anakula sauti kwa waya tu."

Na hakuwa na siku za kuchezea. Kesho yake jioni mama yake alikuwa analazwa hospitali, na asubuhi inayofuata anapasuliwa tezi ya shingo. Daktari, mama mmoja asiyeficha neno, aliwaambia kwamba mishipa ya sauti inapita hapo hapo penye kisu. Wengi hurudi na sauti yao. Wengine hubaki na mkwaruzo. Wachache hubaki na mnong'ono hadi mwisho wa maisha yao. Mama mwenyewe alisema sawa, Mungu yupo, akauliza tu kama ataruhusiwa kuingia na pochi yake. Midundo ndiye aliyetoka pale akaenda moja kwa moja kuichukua sampla.

Maana mama yake alikuwa msusi, na saluni yake haikujaa kwa sababu ya misuko peke yake. Watu walifuata kicheko. Jamani, kicheko kile! Kilianzia kifuani kama mtu anayepanda ngazi na mzigo, kikapanda, kikapanda, kikifika juu kinakatika, kimya, unadhani amezimia, halafu kinaporomoka chote kwa mpigo na vioo vinatikisika. Midundo alikuwa na vipande elfu vya milio ya dunia kwenye mashine yake, na hicho hakuwa nacho. Ndivyo tulivyo. Cha nyumbani tunakiona kipo tu.

Muuzaji alipanga rekoda tatu juu ya kaunta. Ya kwanza ilikuwa kubwa kama redio, na matundu ya maikrofoni manne; Midundo aliirudisha, mama yake angeiona tu angeanza kuongea kama msoma habari. Ya pili ilikuwa ya chuma, nyeusi, nyembamba, inapendeza hasa. Akachomeka waya kutoka kwenye rekoda hadi kwenye sampla, akapiga makofi, akabonyeza kitufe, makofi yakatoka mazito. Macho yakamng'aa.

"Hii hii," akasema.

"Na hiyo ya tatu?" mkewe akauliza.

Ya tatu ilikuwa ya plastiki, imevimba tumbo, rangi ya dawa ya meno. Muuzaji akaeleza kwamba hiyo hurekodi mara mbili kwa wakati mmoja: faili moja kwa kiwango ulichopanga, na jingine chini zaidi, endapo mtu atapayuka ghafla.

"Hiyo ni ya watu wasiojua kazi," Midundo akasema.

"Basi ndiyo yetu."

Mkewe alikuwa mwalimu wa chekechea, mtu aliyezoea kujua mapema nani atamwaga maji. Akamshika mume wake mkono. "Baba, nakujua. Wewe ukiona ile taa nyekundu ya sauti kujaa haijawaka unahisi hujarekodi kitu. Kwenye ngoma zako sawa, ukikosea unapiga tena. Mama utampiga tena? Chukua inayosamehe."

Midundo alinuna. Akajaribu ile ya tatu kwa waya, akitumaini itakataa. Sampla ikaila bila tatizo. Akatafuta kasoro nyingine, akaambulia rangi. Mwishowe wakaibeba ile ya dawa ya meno, na mkewe akahakikisha muuzaji ameshawasha huko kurekodi mara mbili kabla hawajatoka. Midundo hata hakutazama. Alikuwa bado anaiaga ile nyeusi.

Kesho yake akaiweka rekoda saluni, katikati ya vitana. Weee! Mama akakauka. Mwanamke aliyekuwa anaongea tangu kufungua mlango hadi kufunga, akaanza, "Leo ni siku njema. Ninasuka nywele."

"Mama, ongea kawaida."

"Ninaongea kawaida, mwanangu mpendwa."

Mpendwa! Hajawahi kumwita hivyo tangu azaliwe. Midundo akaona sauti haijai, akaongeza kiwango, akaongeza tena, kama alivyozoea, mpaka hata pumzi ya mama ikawa inagusa nyekundu. Muda ukaenda. Mwisho mteja aliyekuwa kitini, jirani mnene wa maneno, akachoka na heshima zile.

"Shoga, nikwambie? Mume wangu kaanza mazoezi jana. Leo asubuhi nimemvisha soksi."

Mama akaanza kupanda ngazi. Kikapanda, kikakatika, kikaporomoka, kitana kikaruka, jirani naye akadakia, na Midundo akasimama mlangoni machozi yanamtoka kwa furaha. Amekinasa! Jioni wakampeleka mama hospitali, naye akampigia saluti kutoka kitandani.

Asubuhi, mama ameshaingizwa chumba cha upasuaji, Midundo alikaa kwenye benchi la ukumbini akavaa spika za masikioni. Alitaka kitu cha kumshikilia. Akabonyeza. Maneno ya siku njema yakapita, soksi zikapita, kicheko kikaanza, na kilipofika juu, pale penyewe, kikageuka mchakacho mtupu, kama turubai linachanwa. Akarudisha nyuma. Turubai. Akarudisha tena.

Alijua mara moja amefanya nini. Sauti iliyopita kipimo haiponi. Hakuna mashine ya kuishona. Na mwenye kicheko chenyewe, wakati huo huo, alikuwa amelala shingo wazi, pengine hatacheka hivyo tena. Nafasi moja tu, na yeye, fundi wa sauti, ameiunguza kwa mkono wake. Akazivua spika, akaziweka mapajani, akainama.

Mkewe alirudi na chai akamkuta hivyo. "Wametoka? Wamesemaje?"

"Bado. Ni kile kicheko. Nimekiharibu."

Aibu ilimzidi hata hakuweza kumtazama. Mkewe akakaa, akanywa chai yake kidogo, kama anavyofanya darasani mwake akisubiri mtoto amalize kulia.

"Na lile faili la pili?"

Unaweza kumpenda mtu miaka mingi, halafu akatamka maneno matano ukampenda upya. Midundo alikuwa amelisahau kabisa. Kiburi kilikuwa kimelifuta kichwani. Akalitafuta. Lilikuwepo. Lilikuwa dogo, la mbali, mama anaongea kama yuko chumba cha pili. Akaongeza sauti. Soksi. Kikapanda, kikapanda, kikakatika, kimya, halafu kikaporomoka chote, kisafi, hadi kitana kikasikika kinadunda sakafuni.

Akashusha pumzi iliyokaa kifuani tangu siku ya daktari. Akacheka, akalia, akampa mkewe spika moja, wakabaki wameegemeana vichwa katikati ya ukumbi wa watu, wanacheka kama vichaa. Daktari alipotokea ilibidi asimame awasubiri.

"Imekwenda vizuri," akasema. "Mishipa yote salama. Ameamka, na ameshaongea."

"Amesemaje?"

"Ameuliza saluni nani amefungua."

Midundo alitaka kumkumbatia daktari, akajizuia, kisha akashindwa kujizuia.

Mama alikaa kimya nyumbani kwa amri ya daktari, adhabu aliyoiona kubwa kuliko kisu. Sauti ilirudi kidogo kidogo, ina mkwaruzo, lakini yake. Siku aliyoruhusiwa kutembea akaja hadi chumba cha kazi cha mwanawe, kitambaa shingoni.

"Haya, nionyeshe ulichoniibia."

Midundo akamwekea kiti, akabonyeza kitufe cha juu kushoto. Kicheko kikajaa chumba. Alitegemea mama acheke, au amtukane kidogo kwa mapenzi. Mama alibaki amesimama, hata kiti hakukigusa.

"Rudia."

Akarudia.

"Nani huyo?"

"Ni wewe, Mama. Siku ile ya soksi."

"Siyo mimi." Akatikisa kichwa. "Huyo ni mama yangu."

Akakaa sasa, polepole. "Hukumkuta, wewe. Picha yake ninayo. Sauti yake ilinitoka kichwani, siku gani sijui, nikaitafuta miaka yote, ninalala nikiita, haiji. Na mtu hajisikii anavyocheka mwenyewe, anacheka tu." Akanyoosha kidole kwenye kitufe. "Ni hapa?"

"Hapo hapo. Bonyeza usiogope."

Mama akajifunga kitambaa vizuri, kama mtu anayeingia ndani kwa mkubwa wake.

"Shikamoo, Mama," akasema, akabonyeza.

Midundo akaongeza sauti kidogo, akatoka, akaurudishia mlango taratibu.