Kanga ya Bi Chiku Ukumbini

Mimi Mwatumu sina adabu, na wala siombi radhi. Ukoo wetu ni watani wa ukoo wa marehemu Bi Chiku wa Chumbageni, na mtani hana adabu msibani. Siku tuliyomzika nilijifunga kanga yake, nikachechemea kama yeye, nikawagombeza waliaji kwa sauti yake: "Nyie, chai hamjapika?" Watu wakacheka mpaka machozi yakapata njia. Aliyekosekana ni mwanawe wa pekee, Idarusi, msomi wa Makerere. Maiti haikuweza kumngoja.

Miezi ikapita, ndipo akaja Tanga. Kuhutubia! Akafikia Raskazone kwa rafiki zake, nyumbani kwa mamake hakutia mguu. Bi Sabiha, mdogo wake marehemu aliyebaki humo, alimpikia, chakula kikalala. "Mwanangu ananiogopea nini?" akaniuliza. Wallahi nilipandwa na hasira.

Jioni nikaenda ukumbini. Idarusi kasimama, tai shingoni, anatueleza desturi zetu. Alisema vizuri, mashaallah, siwezi kumsingizia. Akafika kwenye utani. Akasema mtani humwiga marehemu ili wafiwa wapate kucheka na kulia. Kweli tupu, lakini alisema kama anaeleza mambo ya nchi ya mbali.

Nikaitoa kanga kikapuni, nikajifunga, nikachechemea katikati ya viti.

"We Idarusi! Mbona umekonda? Huko wanakulisha karatasi?"

Mwenyekiti akainuka kunitoa.

"Mwacheni," Idarusi akasema. "Huyu mtani wetu."

"Mdogo wangu kakupikia," nikaendelea kwa sauti ya Bi Chiku, "nawe unamwachia chakula kilale? Mimi nilikulea hivyo?"

Akacheka. Kisha akajifunika uso kwa makaratasi yake, akalia mbele ya watu wote. Nami nikalia, hasira yote ikaniisha. Nikamshika mkono tukatoka.

"Naogopa kuingia nyumba ile bila ya yeye," akaniambia njiani.

"Utaingia na mimi."

Bi Sabiha alimkumbatia mlangoni, hakumuuliza kitu. Akamtilia wali. Nikavua kanga, nikamtandikia mabegani. Akaivuta puani.

"Bado inanukia asumini," akasema. "Mbona hujaifua?"

"Ningeifuaje, we mjinga? Nilikuwa nakungoja wewe."