Kurasa Nne za Bafuni

Kwenye kampuni ile ya vitabu walimwita Mama Tafsida. Mwenyewe alilijua jina hilo, na wala halikumuudhi. Tafsida, kwa aliyesahau masomo ya darasani, ni kulipaka neno kali mafuta ili lipite kooni bila kukwaruza, na huyu mama alikuwa fundi wa kazi hiyo. Mpe mlevi, atakurudishia mtu wa starehe. Mpe mwizi, atakurudishia mtu mwenye mkono mrefu. Miaka ishirini na mbili kwenye meza ile ya uhariri, penseli sikioni, na hakuna mzazi wala mwalimu aliyewahi kurudisha kitabu kilichopita mikononi mwake.

Kwa hiyo riwaya ya kutisha ilipoletwa, bosi hakujiuliza ampe nani. "Dada, hii itauzika kama njugu," alimwambia. "Ila sura ya tisa, wee acha tu! Isome ukiwa umekaa."

Aliisoma akiwa amekaa. Mume anamfuata mkewe bafuni asubuhi, anamkaba shingo mpaka anakata roho. Kurasa nne nzima. Kuta zinavuja damu, macho ya mke yanadondoka yanabingirika sakafuni, kisha mume anapiga deki, anakunja taulo pembe kwa pembe, anawapigia simu wakwe zake na kuwaambia ni presha. Kuanzia sura ya kumi, mzuka wa yule mke unaanza kurudi nyumbani.

Jasho lilimtoka Mama Tafsida mgongoni, na feni inazunguka. "Ushenzi mtupu," akasema peke yake. "Hivi mtu anaandika haya ili iweje?" Akapiga mstari kurasa zote nne, na pembeni akaandika sentensi moja: Asubuhi ile mke akateleza bafuni, akafariki. Kisha akamalizia chai yake, akaendelea na sura ya kumi.

Mwandishi alikuja Alhamisi asubuhi. Alikuwa mhudumu wa mochwari katika hospitali kubwa ya serikali, mtu mfupi, mpole, shati limepigwa pasi mpaka kwenye vifungo. Alikaa ukingoni mwa kiti kama mgeni aliyekuja kuposa, karatasi zake mapajani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Karibu, mwandishi."

"Nakushukuru kwa kazi. Koma zangu zote umezinyoosha, mwenyewe nimeona aibu. Ila nina swali dogo."

"Uliza, baba."

"Kitabu changu kina mzuka wa mwanamke. Kila sura anarudi anamtafuta mtu. Sasa kama aliteleza tu, anarudi kumtafuta nani? Sabuni?"

Kicheko kilimfika Mama Tafsida mdomoni, akakimeza. Hakutaka kumpa ushindi mapema. "Ndugu yangu, kitabu hiki kitasomwa na watoto wa watu. Ukitaka kusema alimuua, sema alimuua, yakaisha. Kurasa nne za nini? Hiyo si fasihi, hiyo ni bucha."

Alitegemea ubishi. Waandishi anawajua, ukiwagusa sentensi moja utadhani umewachinjia mbuzi wao. Lakini huyu alitikisa kichwa taratibu, akakubali.

"Nusu ni bucha kweli. Yale macho, na kuta kuvuja damu, nilipitiliza. Nilitaka kutisha kama wenzangu. Nina miaka kumi na tisa mochwari na sijaona jicho lililodondoka likabingirika. Yatoe hayo. Ila vidole usivitoe, nakuomba."

"Vidole gani?"

"Alama za vidole shingoni. Nne huku, kimoja huku." Akaonyesha kwenye shingo yake bila kuigusa. "Na taulo, lile mume analolikunja. Hayo sikuyabuni mimi, vidole nimeviona, na taulo lililetwa pamoja na marehemu likiwa limekunjwa vilevile." Akafunua karatasi, akatafuta mahali. "Halafu kuna hili. Kwangu mimi mume anasema ni presha. Kuteleza umekutoa wapi, mama?"

Mama Tafsida aliitazama ile sentensi, mwandiko wake mwenyewe, safi, umelala vizuri pembeni mwa ukurasa.

"Limekuja tu," akasema. "Ni neno la kawaida."

"Ni la kawaida sana. Nimewapokea wengi walioteleza. Walioteleza bafuni, walioanguka ngazi, waliojigonga mlangoni. Namfunua shuka, naona niliyoyaona. Baadaye anaingia ndugu na karatasi yake, imeandikwa vizuri kabisa, ajali ya nyumbani. Anasaini, anamchukua marehemu wake. Mimi si daktari, si polisi, hakuna anayeniuliza." Hakupandisha sauti hata kidogo. "Ndiyo maana nikaandika kurasa nne, mama. Hiyo sentensi moja wameshaandikiwa tayari."

Akaaga kwa adabu zote, akasema anawahi zamu, akaziacha karatasi mezani, akaondoka. Mama Tafsida akabaki na penseli mkononi, akairudia ile sentensi yake.

Maana yeye alikuwa na mdogo wake. Tumbo moja, ziwa moja. Miaka kumi na moja iliyopita shemeji yake alipiga simu asubuhi, analia kama mtoto, dada, mwenzio kateleza bafuni. Mama Tafsida alikwenda mbio, na yeye ndiye aliyemvalisha marehemu nguo za mwisho. Akaona. Nne huku, kimoja huku. Alichukua mtandio, akaufunga shingoni kwa ustadi, na alipotoka nje akawaambia waliokaa kwamba mdogo wake ameteleza.

Si kwamba hakuna aliyejua. Ukoo ulikaa kikao, na kila mtu mzima pale alikuwa na macho. Wakasema mtoto ana miaka sita, mama hayupo, baba naye mkimfunga ataishi na nani? Wakasema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Na kwa kuwa yeye ndiye mwenye maneno katika familia, wakampa kalamu aandike tangazo la gazetini. Amefariki ghafla kufuatia ajali ya nyumbani, ameacha mume na mtoto mmoja. Watu wakalisifu tangazo. Limeandikwa vizuri, walisema. Ee Mungu, walilisifu! Na yeye akasema ahsanteni.

Alirudi kwenye sura ya tisa. Safari hii aliisoma kama alivyopaswa kuisoma mwanzo, sentensi kwa sentensi, kila moja akiiuliza umekuja kufanya nini hapa. Macho yaliyobingirika hayakuwa na jibu, akayatoa. Kuta zikatoka. Ulimi uliogeuka nyoka ukatoka pia, upuuzi ule. Lakini vidole vilijibu. Deki ilijibu. Taulo lililokunjwa pembe kwa pembe lilimjibu mpaka akalazimika kusimama, akaenda dirishani, akarudi. Damu nyingi, kumbe, ilikuwa inamsaidia msomaji asitazame, na hivi vitu vidogo vilimshika kidevu vikamgeuzia uso. Akaifuta sentensi yake kwa kifutio mpaka karatasi ikakaribia kutoboka. Zilibaki kurasa mbili na nusu, na zilitisha kuliko zile nne.

"Umeirudisha?" bosi akashangaa. "Wewe? Mama Tafsida?"

"Nimeirudisha."

"Wasomaji watashtuka, dada."

"Acha washtuke. Sasa kama hawashtuki na hilo, watashtuka na nini?"

Aliondoka kazini saa tisa, mwepesi, akijiona kama aliyelipa deni. Ushujaa wa karatasi huo, mwenzangu. Ni rahisi kumtetea marehemu wa kwenye riwaya, hana ndugu wa kukununia.

Nyumbani alimkuta yule mtoto wa mdogo wake, ambaye sasa ni binti wa miaka kumi na saba, amemwaga nguo kitandani anazikunja. Baba yake alihamia mji mwingine zamani, akaoa tena, na mtoto akalelewa hapa. Baba alikuwa mtu wa simu za sikukuu na zawadi za hapa na pale, na binti alimpenda kama watoto wanavyompenda mzazi aliye mbali.

"Mama Mkubwa, baba kapiga!" Uso ulimng'aa. "Anasema niende likizo yote nikakae nao. Kesho kutwa nipande basi. Mama wa kule kavunjika mkono, hawezi hata kukamua nguo, masikini."

"Kavunjikaje?"

"Kateleza bafuni."

Mama Tafsida alijikuta amekaa juu ya nguo zilizokunjwa.

"We Mama Mkubwa, nimenyoosha hizo!"

"Mwanangu, huendi."

"Kwa nini?"

Akayatafuta maneno, na yakaja yaleyale, yakateremka yamepakwa mafuta. "Baba yako ana hasira za karibu."

"Hata wewe unazo. Jana umenifokea kwa ajili ya kikombe."

"Yeye na mama yako walikuwa hawaelewani sana."

"Nani anayeelewana?" Binti akacheka, akavuta gauni kutoka kwenye rundo la nguo alilolikalia mama yake mkubwa, akalikunja upya.

Mama Tafsida aliitazama ile mikono inavyokunja. Aliona wazi kwamba akiongeza neno moja laini, huyu mtoto atapanda basi. Akamshika mikono yote miwili.

"Kaa chini. Baba yako alimuua mama yako. Alimkaba shingo bafuni. Mimi ndiye niliyemvalisha, na niliziona alama za vidole vyake, nne huku na kimoja huku, nikazifunika na mtandio. Hakuteleza. Nimekudanganya miaka kumi na moja."

Binti hakulia. Aliivuta mikono yake taratibu, akaiweka mapajani.

"Nani mwingine anajua?"

"Wakubwa wote."

"Wote? Na mimi kila mwaka nampigia kumtakia heri ya kuzaliwa, na nyinyi mmekaa hapo mnasikiliza?"

"Nilikuogopea wewe, mwanangu."

"Hapana. Uliwaogopa wao."

Ilikuwa kweli. Machozi yalimtoka Mama Tafsida, mkubwa mzima, na binti hakumbembeleza. Alichukua simu. Saa hizi baba yake alikuwa bado kazini. Akampigia mama yake wa kambo, akaiweka sauti ya nje.

"Shikamoo mama. Upo peke yako?"

"Marahaba, nipo peke yangu. Vipi, unakuja?"

"Nimeambiwa mama yangu alivyokufa."

Mahali fulani kule maji yalikuwa yanaingia kwenye ndoo. Kisha yakafungwa.

"Basi umejua," yule mama akasema.

"Wewe ulikuwa unajua?"

"Aliniambia mwenyewe, siku ile ya mkono. Alisema nikizidi kumjibu nitateleza kama mwenzangu. Akasema wala hatahangaika, kwani ndugu wenyewe wataniandikia vizuri gazetini."

Mama Tafsida alilikumbuka tangazo lake, neno kwa neno. Alikuwa na uhakika, bila kuambiwa, kwamba yule mwanaume alilihifadhi lile tangazo. Akanyoosha mkono, na binti akampa simu.

"Mdogo wangu," alisema, "mimi ni dada wa yule aliyeuawa."

Neno hilo alikuwa hajawahi kumtamkia mtu wa nje kuhusu mdogo wake. Lilitoka lilivyo, na upande wa pili yule mama akaanza kulia, kilio cha kubana, cha mtu aliyezoea kulia asisikike.

"Anarudi saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili, dada."

"Chukua vyeti vyako, toka sasa hivi, nenda polisi. Usiende kwa jirani, usimsubiri mtu. Sisi tunakuja na basi la kwanza tutakalolipata. Mimi ndiye shahidi wako, na shahidi wa mdogo wangu. Umenisikia?"

"Nimekusikia. Lakini dada, nitawaambia nini wale? Nitaanzaje? Ni mambo ya aibu, hayasemeki."

Binti alikuwa ameshasimama, anafunga kamba za viatu.

"Yanasemeka," Mama Tafsida akamwambia. "Anza pale alipofungua mlango. Sema alichofanya kwa mkono wa kulia, sema alichofanya kwa wa kushoto. Wakikwambia inatosha, endelea. Usifupishe."