Mtoto wa Kwanza Kukataliwa

Shule ile haikuwa imewahi kumkataa mtoto. Ilimpokea anayejua kusoma na asiyejua, mpole na mng'ata wenzake, na mwaka mmoja ilimpokea hata aliyesinzia katikati ya usaili, akasifiwa kwa utulivu. Pamoja na hayo, usaili ulifanywa kila mwaka kwa heshima zake zote, na wazazi waliusubiri wakimeza mate, kana kwamba nyuma ya ule mlango kuna daktari mwenye kisu.

Kidomo aliijua siri hiyo kwa sababu ilikuwa siri ya kila mtu isipokuwa wazazi. Alikuwa msichana wa kidato cha tatu, jina lake alilipata nyumbani mara tu alipojua kusema, na safari hii aliteuliwa kuwa mtembeza wageni. Watembeza wageni walichaguliwa kwa meno. Naibu wa mkuu wa shule, ambaye wanafunzi walimwita Mama Kimya, alipita mbele ya mstari wa asubuhi akisema, "Cheka. Cheka. Wewe, funga," na aliyecheka vizuri akapewa soksi mpya za kurudisha jioni.

"Mgeni akikuuliza maisha ya hapa yakoje?" Mama Kimya aliwafanyisha mazoezi.

"Tunapendwa, tunafundishwa, tunashiba, madamu."

"Akiuliza jambo jingine?"

"Tunapendwa, tunafundishwa, tunashiba."

"Safi. Hakuna mzazi atakayeuliza la tatu."

Kila mwaka, siku ya usaili, shule nzima ilipangwa upya kama kabati la vyombo. Wanafunzi wengi walipelekwa uwanja wa nyuma, ng'ambo ya matangi ya maji, kukata nyasi zilizokwisha kukatwa, mradi wasionekane. Wachache wenye meno walibaki mbele. Wengine waliketishwa maktabani, ambako siku za kawaida ufunguo ulikaa mfukoni mwa Mama Kimya, wakaamriwa kufunua kurasa taratibu. Chumba cha kulia kilipata bakuli la matunda, na matunda hayo yalijulikana kwa sura, maana yalikuja kila mwaka na kurudi nyumbani kwa mkuu bila kupungua hata moja.

Fahari kuu ilikuwa Bweni la Heshima. Wasichana walilala kwingine, kwenye vitanda vya chuma vya ghorofa, wawili wawili kwenye godoro la mtu mmoja, kichwa kwa miguu. Bweni la Heshima halikuwa limewahi kulalwa na mtu. Madawati ya chumba cha mitihani yaliunganishwa, yakatandikwa shuka nyeupe zilizopigwa pasi mpaka zikakakamaa kama karatasi, juu ya kila mto likawekwa ua la plastiki, na hapo wazazi wakapigwa picha wakiwa na machozi ya furaha.

Kidomo aliona yote hayo ni kichekesho cha bure, akayacheka kwa moyo mkunjufu, mpaka Jumapili moja matroni alipomwita kwenye simu.

"Mwanangu, habari njema!" Ilikuwa sauti ya baba yake. "Tunamleta mdogo wako kwenye usaili."

Kicheko kikamkauka.

Mdogo wake aliitwa Kwanini, na aliyelisikia jina hilo hakuhitaji maelezo. Alikuwa amemaliza shule ya msingi juzi tu, na tangu ajue kusema hakuwa ameacha jambo lipite bila kulichungulia ndani. Muhula uliopita mtoto wa namna hiyo hiyo aliingia kidato cha kwanza, akauliza mbona mchuzi wa maharage hauna maharage. Akasimamishwa mbele ya shule nzima aombe radhi. Akauliza radhi ya nini. Akasimamishwa tena, na tena. Sasa walimwita Kengele, kwa kuwa, kama kengele, hakusema neno mpaka apigwe. Kila Kidomo alipomwona akipita na sahani yake, macho chini, alimwona Kwanini ndani ya sare ile ile, na mzaha wote ukamtoka.

Kumwambia baba ilikuwa kazi bure. Baba alikuwa na duka la vigae, na stika ya shule ile aliibandika kwenye kioo cha gari, kwenye mlango wa duka, na kwenye friji, ili hata maziwa yajue mtoto wa nani anasoma wapi. Lakini mama alikuwa muuguzi, na mama alijua kwamba mtoto akitulia kupita kiasi, kuna ugonjwa. Basi Kidomo akaamua kutulia. Angekuwa na adabu nyingi mno, mpaka mama ashtuke.

Wazazi walipofika, aliwapokea getini akiwa amekunja mikono nyuma.

"Shikamooni, wazazi wapendwa. Karibuni katika hekalu la elimu."

Baba akasimama ghafla. Mama akamtazama. Kwanini, aliyevalishwa shati lililofungwa mpaka koo, akafumbua mdomo, akamwangalia baba, akaufumba.

"Kidomo?" mama akasema polepole. "Umekula leo?"

"Tunapendwa, tunafundishwa, tunashiba, mama." Mama Kimya alikuwa hatua chache nyuma yao, akitabasamu kwa meno yake ya chini.

Mama akanyoosha mkono amguse paji la uso kuona kama lina joto. Ila baba alimwahi.

"Umesikia?" Macho yalimtoka kwa furaha. "Umesikia, mama watoto? Mtoto aliyekuwa akinijibu mimi mbele ya wateja! Wamemtengeneza! Wameufungua huo mdomo wakakaza kila kilicholegea!" Akamgeukia Mama Kimya, akamshika mkono kwa mikono miwili. "Madamu, mchukueni na huyu. Mchukueni leo leo."

Hivyo ndivyo hila ya kwanza ilivyozaa kinyume, na Kidomo akajilaumu kwa kusahau kwamba kuna wazazi ambao mtoto akizimwa kama taa, wao huona amepata nuru.

Ziara ikaendelea. Kulikuwa na mama mmoja wa miwani ya jua, aliyekuja na binti mdogo mwembamba, na mkandarasi mmoja aliyekuja na mwanawe pamoja na simu, na aliyezungumza naye zaidi ni simu. Kwenye Bweni la Heshima, Kwanini aliminya kitanda kwa kidole, akainua ncha ya shuka, akachungulia. Mashavu yalimvimba kwa maneno. Baba akakohoa, naye akayameza.

Kidomo alikuwa amemwona. "Madamu," akasema kwa sauti ya asali, "mdogo wangu amebanwa. Nimpeleke msalani?"

"Msala wa wageni," Mama Kimya akanong'ona kwa ukali. "Si ule mwingine."

Walipofunga mlango, Kidomo akamshika mdogo wake mabega. "Wewe! Umepatwa na nini? Tangu lini unaona kitu unanyamaza?"

"Baba amesema nikinyamaza mpaka tutoke hapa ataninunulia baiskeli."

"Ukinyamaza leo, utanyamaza mpaka kidato cha nne. Na baiskeli utaiendeshea wapi, juu ya dawati lako la kulalia?"

Kwanini akafikiri. "Kwa hiyo ni madawati kweli? Nimeona moja limeandikwa mwalimu wa hesabu ni mbuzi."

"Hilo nililiandika mimi. Sikiliza. Mkuu akimaliza kumsaili mtoto, huuliza, 'Una swali lolote?' Anauliza kwa adabu tu, kama mtu anavyomkaribisha jirani chakula akijua amekwisha kula. Tangu shule ianzishwe hakuna aliyeuliza. Wewe uliza."

"Niulize nini?"

Kidomo akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Mdogo wangu, nimfundishe samaki kuogelea?"

Usaili ulifanyika ukumbini, hadharani, ili kila mzazi apate nafasi ya kujivuna. Mkuu wa shule aliketi jukwaani. Wanafunzi walimwita Tai Mbili, kwa sababu alifunga moja ya asubuhi na nyingine ya baada ya chakula, na aliongea kwa namna ya mtu anayezindua daraja. Mtoto wa mkandarasi alijibu kwamba anataka kusoma hapo kwa sababu baba amesema, akapigiwa makofi. Binti wa mama wa miwani hakujibu kitu, machozi yalimlenga, na Tai Mbili akatangaza kwamba ameguswa na unyenyekevu wake.

Ikafika zamu ya Kwanini. Akajibu vizuri, kwa sauti ya kusikika. Baba yake alikaa mbele kabisa, kifua kimemjaa.

"Kijana hodari," akasema Tai Mbili, akivua miwani yake. "Una swali lolote?"

"Ninalo, mwalimu. Mbona vitanda vya bwenini ni madawati?"

Baba akainama kana kwamba ameangusha kitu. Tai Mbili hakutikisika. Hakuwa amefika pale kwa bahati.

"Swali zuri. Mgongo wa mtoto, wazazi wangu, hunyooka juu ya kitu kigumu."

"Ni kweli kabisa!" akadakia mama wa miwani. "Magodoro ndiyo yanayoharibu kizazi hiki."

"Kule nje wanatumia mbao," mkandarasi akasema, akashusha simu kwa mara ya kwanza.

Kidomo, aliyesimama ukutani na soksi zake za kuazima, alitamani kulia. Alikuwa amewadharau walimu wake karibu miaka mitatu, kumbe alikosea anwani. Mtu anaonyeshwa dawati, anaambiwa ni kitanda, na anashukuru!

"Na yule dada wa maktabani," Kwanini akaendelea, "mbona kitabu chake kimeshikwa juu chini?"

"Mazoezi ya ubongo."

"Na wanafunzi wengine wote wako wapi?"

"Wanajitolea kutunza mazingira." Tabasamu la Tai Mbili lilikuwa limeanza kuchoka pembeni. "Nadhani inatosha, kijana."

"La mwisho tu, mwalimu. Watoto wako wanasoma darasa gani hapa?"

Hapo Tai Mbili akapeleka mkono shingoni. Akashika tai. Akailegeza, akaikaza. Mama Kimya akachunguza dari. Watoto wa mkuu, kama alivyojua kila mwanafunzi, walikuwa wakisoma shule ya mbali, yenye magodoro. Wazazi wakaanza kugeuziana shingo, na mtu nyuma akauliza kwa sauti ndogo, "Eti kweli, wako wapi?"

Tai Mbili akasimama. Sauti yake ilikuwa ya kuzindua daraja refu kuliko yote.

"Wazazi. Shule hii ina kiwango. Kwa masikitiko makubwa natangaza kwamba mtoto huyu hajafikia kiwango chetu. Amekataliwa."

Kukawa na mshituko, kisha likatokea jambo ambalo Kidomo, kwa ujanja wake wote, hakulitazamia. Swali la watoto wa mkuu likafa pale pale. Hakuna aliyelikumbuka tena. Watu walinyanyuka vitini.

"Kumbe wanakataa?" mkandarasi akasema kwa heshima mpya. "Wangu amepita, sivyo? Andikeni jina lake sasa hivi."

"Na wa kwangu! Ana mdogo wake pia nyumbani," akapaza mama wa miwani, huku anasukumana kwenda jukwaani. Tai Mbili aliwatazama wakimjia, na usoni mwake ikaonekana wazi furaha ya mtu aliyeifanya kazi miaka mingi bila kujua siri yake.

Baba yake Kidomo naye alikuwa kwenye msongamano huo, akimvuta mkuu mkono wa koti. "Mwalimu, nakuomba. Atanyamaza. Mlaze hata sakafuni, mgongo utanyooka zaidi!"

"Kiwango, mzazi. Kiwango."

Mama hakwenda jukwaani. Alimshika Kwanini mkono, akaja ukutani aliposimama binti yake.

"Wewe unalala wapi?" akauliza.

Mama Kimya alikuwa mbali, amezama kwenye kuandikisha. Kidomo angeweza kusema yote. Ila alimtazama baba yake, aliyekuwa bado ameng'ang'ania lile koti, akajua mzee huyu hawezi kurudi dukani bila mtoto hata mmoja wa kuitetea ile stika. Akitoka yeye, baba atasimama getini kila asubuhi mpaka Kwanini apokewe.

"Nalala vizuri, mama. Umebaki mwaka mmoja na kitu. Mrudishe huyu nyumbani, umtafutie shule ya kutwa kabla baba hajarudi tena kumwombea nafasi."

"Kidomo."

"Mama, nenda. Ukimwacha hapa sana, mkuu atamwonea huruma ampokee."

Mama akamtazama kama anavyotazama kipimajoto, kwa muda, bila kupepesa. Akamfungua Kwanini kifungo cha shingoni. "Likizo utaniambia kila kitu," akasema. "Bila yale maneno matatu." Akaenda kumtoa mumewe jukwaani, naye hakumsihi, alimshika ukosi.

Muhula uliofuata shule ilifurika. Habari za mtoto aliyekataliwa zilikuwa zimeenea, na wazazi walileta watoto, wadogo zao na binamu zao. Magodoro hayakuongezwa. Siku ya kupokea wanafunzi wapya, saa za mchana, matroni aliingia bweni la wasichana akimsukuma binti mwembamba mwenye begi kubwa kumshinda, yule wa mama wa miwani, akaonyesha kitanda cha Kidomo, ambacho kilikuwa na watu wawili tayari.

"Watatu?" Kidomo akauliza.

"Unyenyekevu," akasema matroni, akatoka.

Binti akasimama katikati ya chumba, akatafuta maua ya plastiki kwa macho, asiyaone.

"Dada, kitanda changu ni kipi?"

Kidomo akasogeza nguo zake, akapigapiga godoro upande wa ukutani, ambako mtu haanguki.

"Panda hapa. Vua viatu, uvifiche ndani ya mto, la sivyo kesho utavaa vya mwenzako. Na ukitaka kuuliza jambo humu ndani, niulize mimi. Mimi sijui majibu, lakini sisimamishi mtu mbele ya shule."